Digrii ya uuguzi unayo, usajili bado: mwongozo kamili wa kufanya shahada yako itambulike kisheria

Tuanze na jambo ambalo wahitimu wengi wanakutana nalo wakiwa wameshavua joho. Chuo kikuu kinakupa shahada, basi, ruhusa ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi haitoki chuoni. Inatoka kwenye sheria kupitia baraza la uuguzi, kuna nchi linaitwa bodi, kuna nchi ni ofisi ya serikali ya jimbo, ila kazi ni ile ile, na baraza halina shida sana na GPA yako, linachotaka kujua ni kama mafunzo uliyopitia ndo yale sheria inayataka. Mwenye GPA kali anaweza akakwama na mwenye ya wastani akapita kwa sababu karatasi za huyu wa pili zinaonyesha masaa ya wodi na za mwenzake hazionyeshi. Mwongozo huu wote unazunguka hapo hapo, yaani kilichomo ndani ya digrii yako kionekane kwenye karatasi, tena kionekane kwa lugha ya sheria.

Na kabla mtu hajalalamika kwamba mabaraza yanadharau vyuo vikuu, historia ndo imefanya hivi. Sheria ya usajili wa wauguzi peke yao kwa nchi nzima ilianzia New Zealand 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa kwenye rejista ile. Wakati huo uuguzi ulifundishwa hospitalini, mwanafunzi anakaa wodini miaka, anafundishwa na masista wakuu. Shule ya uuguzi ndani ya chuo kikuu ilikuja kufunguliwa University of Minnesota 1909, na kwa Uingereza digrii ya uuguzi ilianza Edinburgh 1960. Kwa hiyo rejista ni kongwe kuliko digrii, na sheria nyingi ziliandikwa zikimfikiria muuguzi wa shule ya hospitali, digrii ikaja kuongezwa baadaye kwa marekebisho. Ndo maana unakuta chuo kina programu nzuri kabisa ila kwenye sheria bado haijaingia.

Hatua ya 1: jua unaomba utambuzi gani

Kuna utambuzi wa elimu na kuna utambuzi wa taaluma, na watu wanavichanganya kila siku. Utambuzi wa elimu ni ile barua inayosema shahada yako iko ngazi sawa na shahada ya nchi fulani. Ulaya kuna vituo vya ENIC-NARIC vinavyoshughulika na hilo, na UNESCO ina Mkataba wa Kimataifa wa utambuzi wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa 2019 ukaanza kutumika Machi 2023. Hiyo barua inakusaidia kwenda kusoma masta, kuna waajiri wanaitaka, kuna ofisi za uhamiaji zinaitaka, lakini hata iwe na mihuri mingapi haikuingizi kwenye rejista ya wauguzi.

Utambuzi wa taaluma unatolewa na baraza peke yake. Sasa mtu analipia ile ya kwanza, anasubiri, inatoka, anakimbia nayo kwenye baraza akidhani kamaliza, anaambiwa hii tumeiona, sasa tuletee mchanganuo wa mafunzo. Kabla hujatoa hela yoyote ingia kwenye tovuti ya baraza husika uangalie kama hiyo barua ya elimu wanaihitaji kweli. Wapo wanaoihitaji kama kiambatisho, wapo ambao hawana haja nayo kabisa.

Hatua ya 2: soma sheria yenyewe

Najua sheria zinachosha lakini hapa ni kurasa chache tu. Tafuta sheria ya uuguzi ya nchi unayotaka kusajiliwa na kanuni zake, halafu nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha sifa za kusajiliwa na majedwali ya mwishoni. Unachoangalia ni sheria inatambua digrii kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni orodha. Umoja wa Ulaya wana Agizo namba 2005/36/EC, na kwenye Kiambatisho chake cha V wameorodhesha majina ya vyeti vya uuguzi vya kila nchi mwanachama, taasisi inayovitoa, na tarehe ambayo utambuzi unaanzia. Kama chako kimo na mafunzo yalianza baada ya tarehe hiyo, utambuzi unakwenda bila kukufanyisha mitihani ya maarifa. Njia ya pili ni programu iliyoidhinishwa, ndo mfumo wa Uingereza na nchi nyingi zilizofuata sheria za Kiingereza: sheria haitaji digrii kwa jina, inasema tu awe amehitimu programu iliyoidhinishwa na baraza. Ya tatu ni kutathminiwa mmoja mmoja, na hii ndo inawahusu karibu wote waliosoma nchi nyingine.

Kwa wale wa njia ya pili naomba msome hapa polepole. Ithibati ya chuo na idhini ya programu ni vitu viwili. Tume ya vyuo vikuu inaweza kuwa imekipa chuo ithibati safi, chuo kikadahili, wanafunzi wakasoma miaka minne, halafu baraza la uuguzi likawa halijawahi kuidhinisha hiyo programu au lilianza kuitambua kwa waliodahiliwa kuanzia mwaka fulani, na wewe ulidahiliwa mwaka mmoja kabla. Hapo kosa siyo lako lakini mzigo ni wako. Kama bado hujaanza chuo, andikia baraza imeili uwaulize maswali matatu: programu hii imeidhinishwa? Kuanzia wadahiliwa wa mwaka gani? Kwa kampasi ipi? Hilo la kampasi watu hawaliulizi, kumbe idhini ya makao makuu haimaanishi tawi nalo limo. Jibu liwe la maandishi na ulitunze, maneno ya simu hayashikiki.

Kama ulishahitimu na programu haipo kwenye idhini, msiende mmoja mmoja. Nendeni kama darasa, mwandikieni mkuu wa kitivo, yeye ndo mwenye nafasi ya kuomba baraza likague programu na kuangalia namna ya kuwashughulikia waliokwisha hitimu. Barua za mtu mmoja mmoja zinajibiwa kwa kifungu cha sheria tu, lakini chuo kikiomba kama chuo kinaweza kupewa masharti ya kutimiza, labda wahitimu wafanye mtihani wa baraza au wajazie muda wa mazoezi.

Hatua ya 3: masaa, masaa, masaa

Hapa ndo penye kazi kwa hiyo nitakaa sana.

Chukua kipimo cha Ulaya kwa sababu kiko wazi na nchi nyingi zinakiangalia hata kama haziko Ulaya. Lile Agizo linasema muuguzi wa huduma za jumla awe amesoma angalau miaka 3 yenye jumla ya masaa 4,600 ya nadharia na mazoezi. Nadharia isipungue theluthi moja, yaani kama masaa 1,533, na mazoezi kwa wagonjwa yasipungue nusu, yaani 2,300. Mazoezi yenyewe yaguse maeneo haya: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, afya ya akili, wazee, na uuguzi wa nyumbani. Aliyesoma nje ya Ulaya anatathminiwa na nchi anayoomba, lakini nchi hiyo nayo hairuhusiwi kumtambua mtu aliye chini ya hivyo viwango.

Sasa fungua transkripti yako uone. Nyingi zimeandikwa jina la somo, krediti, na alama. "Uuguzi wa Watoto II, krediti 4, B+." Afisa wa baraza anayekagua faili lako hapo hana cha kushika, masaa mangapi darasani, mangapi wodini, wodi gani, hospitali gani? Na krediti haigeuki kuwa masaa kirahisi kama wengi wanavyodhani. Krediti moja ya mfumo wa Ulaya ni masaa 25 hadi 30, ila ndani yake kuna muda wa kujisomea mwenyewe, kufanya asaimenti na kujiandaa na mtihani, kwa hiyo ukizidisha krediti zako mara 30 ukasema haya ndo masaa ya mafunzo utarudishiwa faili.

Unachohitaji ni barua ya mchanganuo wa mafunzo kutoka chuoni, yenye barua-kichwa, sahihi ya msajili au mkuu wa shule ya uuguzi, na muhuri. Iwe na jedwali, kila eneo na masaa yake ya nadharia, masaa ya maabara ya mazoezi, masaa ya wodini, jina la kituo na tarehe. Ile maabara ya midoli na vifaa iwekwe safu yake peke yake kabisa, kuna mabaraza yanaihesabu kwa kiasi, kuna yasiyoihesabu, na ukiichanganya na ya wodini wanaweza kuacha kuiamini safu nzima. Kama ulifanya utarajali baada ya mitihani ya mwisho, uandikwe peke yake pia na iwekwe wazi kama ulikuwa sehemu ya digrii au la, maana kama ulikuwa nje ya programu mabaraza mengine yanauhesabu kama uzoefu wa kazi na siyo mafunzo.

Yapo maeneo mawili ambayo ndo yanakwamisha watu sana, afya ya akili na uzazi. Programu inakuwa na nadharia nzuri ya saikatria halafu mazoezi ni wiki mbili tu kwa sababu hospitali ya afya ya akili ilikuwa mbali. Ukiliona hilo ukiwa bado mwanafunzi, omba kuongezewa zamu huko, na zisainiwe kwenye logibuku, yaani kile kitabu cha kurekodi mazoezi yako. Ukishahitimu kulijazia ni gharama na muda.

Jimbo la California nalo lina sharti lake ambalo limewaumiza wahitimu wengi wa kigeni: nadharia na mazoezi ya eneo moja vifanyike kipindi kimoja. Ukisoma nadharia ya upasuaji mwaka wa pili halafu wodi ya upasuaji ukaingia mwaka wa nne, masaa yako yanaweza kuwa kamili na bado ukaambiwa eneo hilo halijatimia. Ndo maana nasema tarehe ziwepo kwenye mchanganuo, zinakulinda au zinakuonyesha mapema kwamba uombe jimbo lingine.

We ambaye bado uko chuoni, usisubiri. Silabasi ya mwaka wako iombe sasa hivi, ya mwaka wako kweli kweli na siyo iliyopo kwenye tovuti leo, kwa sababu mitaala inabadilishwa na baada ya miaka 6 huyo mhadhiri aliyekufundisha hayupo na faili la zamani hakuna anayejua lilipo. Logibuku usimwachie mtu, iskani kurasa zote uweke sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 4: kama digrii yako ni ya kujiendeleza

Wengi walianza na stashahada, wakasajiliwa, wakafanya kazi, wakarudi chuo kikuu miaka miwili wakapata digrii. Hao wakiomba kusajiliwa kwingine wanapeleka digrii tu, kwa sababu ndo kubwa, na hapo wanajimaliza. Ile digrii ya kujiendeleza kwa kawaida haina masaa ya msingi ya wodini, ilijengwa juu ya stashahada, na baraza linatafuta mafunzo yaliyokufanya uwe muuguzi kwa mara ya kwanza. Peleka vyote viwili, kila kimoja na transkripti yake na mchanganuo wake, stashahada ikitangulia. Hata kama chuo cha stashahada kilishaunganishwa na kingine au kimefungwa, tafuta nani kapewa rekodi zake, mara nyingi ni wizara au baraza lenyewe.

Na digrii yenye jina la sayansi za afya au usimamizi wa afya siyo digrii ya uuguzi kwa macho ya sheria, hata kama darasa zima lilikuwa la wauguzi. Itakusaidia kupanda cheo kazini, kwenye usajili inakaa pembeni.

Hatua ya 5: nyaraka na nani anazituma

Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha digrii, transkripti, mchanganuo, leseni ya nyumbani, uthibitisho wa kazi, polisi, afya. Orodha inafanana karibu kila mahali kwa hiyo siiongelei sana. Kinachoangusha ni njia ya kuzituma. Transkripti na mchanganuo mara nyingi lazima vitoke chuoni moja kwa moja kwenda kwa baraza au kwa taasisi inayokagua, kwa mfano CGFNS ya Marekani, ambayo tangu 2025 imejiita TruMerit. Ukizibeba mwenyewe hata kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri wanaweza kuzikataa. Baraza la nyumbani nalo linatuma uthibitisho wa usajili na wa mwenendo wako wa kitaaluma, tena moja kwa moja, na huo una muda wake wa kuisha, kwa hiyo uombe wa mwisho mwisho ukiwa umeshakusanya mengine.

Majina! Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, digrii haina, pasipoti imebadilika baada ya ndoa, leseni imekosewa herufi moja. Nyoosha yote kabla ya kuomba, kwa kiapo cha kisheria kinachotaja majina yote kwamba ni ya mtu mmoja, au bora zaidi kwa kusahihisha cheti chenyewe. Faili linaweza kulala miezi kwa herufi moja.

Kama nyaraka zinakwenda nchi nyingine uliza kuhusu kuhalalishwa. Nchi zote mbili zikiwa kwenye Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unahitaji apostili moja tu, yaani cheti cha serikali kinachothibitisha kwamba sahihi na muhuri wa karatasi ni halali. Isipokuwa hivyo, karatasi inapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambuliwa na nchi inayopokea, na hakikisha muhuri wa kuhalalisha unagongwa kabla ya kutafsiri ili nao utafsiriwe.

Hatua ya 6: lugha na mtihani

Hapa nchi zinatofautiana kabisa. Uingereza, baraza lao la NMC linataka mtihani wa Kiingereza, ama IELTS 7 kwa kusikiliza, kusoma na kuongea na 6.5 kwa kuandika, ama OET (ule wa Kiingereza cha watu wa afya) daraja B huku kuandika kukiruhusiwa C+. Baadaye kuna mtihani wa kompyuta wenye sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi, halafu OSCE, yaani mtihani wa vitendo, ya vituo 10 ambayo unaifanyia Uingereza kwenyewe. Angalia pia unaomba sehemu gani ya rejista, maana kwao watu wazima, watoto, afya ya akili na ulemavu wa kujifunza ni nyanja tofauti, na digrii ya uuguzi wa jumla kwa kawaida inaendana na ya watu wazima.

Marekani hakuna baraza moja la taifa, kila jimbo na bodi yake, ila wote wanatumia mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, maswali 85 hadi 150 kwa masaa 5, na idadi inategemea unavyojibu kwa sababu kompyuta inapima kadri unavyoendelea. Ujerumani ni ofisi ya jimbo, Kijerumani B2, na wakikuta pengo kwenye mafunzo unaenda ama kwenye kozi ya kujazia ama kwenye mtihani wa maarifa.

Matokeo ya IELTS wengi wanayakubali kwa miaka 2 tu. Kwa hiyo usifanye mtihani wa lugha kwanza kisha ndo uanze kutafuta mchanganuo chuoni, utakuta chuo kimechelewa na matokeo yameisha. Anza na chuo, ndo mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote.

Hatua ya 7: kuwasilisha na kufuatilia

Ukiwasilisha hakikisha umepewa namba ya faili na kitu kinachosema faili limekamilika. Muda wa kisheria wa kujibu unaanza siku faili lilipokamilika, siyo siku ulipolipia. Kwa sifa zilizopatikana ndani ya Umoja wa Ulaya, ofisi inapaswa kukiri kupokea ndani ya mwezi mmoja ikwambie kinachokosekana, na kuamua ndani ya miezi 3 baada ya kukamilika, na taratibu nyingine zinaruhusu kuongeza mwezi mmoja. Kwingine soma kanuni zao. Ukifuatilia andika imeili fupi, namba ya faili kwenye kichwa cha habari, swali moja. Imeili yenye malalamiko kurasa mbili inaahirishwa.

Hatua ya 8: jibu likija

Majibu ni matatu. Umekubaliwa, shukuru Mungu, nenda hatua ya mwisho. Umekubaliwa kwa masharti, yaani kuna mapengo na lazima ufanye kipindi cha kujazia chini ya usimamizi au mtihani. Barua ya aina hii isome kwa utulivu kwa sababu inataja pengo kwa jina, na pengo lingine siyo pengo la mafunzo, ni pengo la karatasi. Wakisema afya ya akili haionekani na wewe ulifanya wiki nane, usikimbilie kukubali kozi ya miezi, rudi chuoni uombe barua ya kufafanua halafu uombe baraza liangalie upya. Uzoefu wa kazi nao unaweza kuziba pengo, mfumo wa Ulaya unaruhusu hilo, basi uthibitisho wa mwajiri utaje wodi na majukumu na siyo tu "alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu".

La tatu ni kukataliwa. Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria kilichotumika, na angalia tarehe ya barua maana siku za kukata rufaa zinahesabika kuanzia hapo au siku ulipoipokea, nchi na nchi. Rufaa nzuri inajibu sababu waliyoitaja kwa karatasi mpya. Kuwaambia kwamba umesota sana na familia inakutegemea ni kweli na inauma, ila kamati haina kifungu cha kulipokea hilo.

Wakati wote huu wa kusubiri usijitambulishe kama muuguzi aliyesajiliwa. Nchi nyingi jina hilo linalindwa na sheria, na kulitumia bila kuwa kwenye rejista ni kosa linaloweza kuharibu ombi ambalo lingekubaliwa. Fanya kazi ya msaidizi wa huduma kama inaruhusiwa, ujitambulishe hivyo hivyo. Na wakala anayekwambia ana mtu wake ndani, au kwamba masaa yakipungua yeye anajua kuyarekebisha, mkimbie. Mabaraza yanauliza chuo moja kwa moja, na mtu aliyekutwa na karatasi ya kughushi anaripotiwa hadi kwa baraza la kwao, anapoteza hata ile leseni halali aliyokuwa nayo.

Hatua ya mwisho

Siku jina likiingia, fungua rejista ya mtandaoni ujitafute mwenyewe. Angalia herufi za jina, sehemu ya rejista uliyowekwa, kama kuna sharti limeandikwa, na tarehe ya kuisha. Mwajiri ataangalia hapo hapo. Kukiwa na kosa andika siku hiyo hiyo, kabla hujasaini mkataba wowote. Halafu weka kalenda ya kuhuisha leseni: Uingereza kwa mfano ni kila miaka 3, wanataka masaa 450 ya kazi na masaa 35 ya kujiendeleza kitaaluma, na ushahidi unaukusanya wewe. Ile barua ya mchanganuo wa chuo usiitupe, maana ukija kuhamia nchi nyingine wataiomba tena.